Mzizi Aliouchemsha Wifi

Mwenye mgonjwa wa saratani nyumbani na aache kidogo anachofanya, asome hapa. Asiye naye asome pia, maana ugonjwa huu haupigi hodi. Mti nitakaoueleza sitautaja jina. Najua tulivyo. Nikiutaja leo, kesho asubuhi sokoni hakutabaki hata ganda.

Binti yangu anafanya kazi maabara. Kazi yao ni kupima miti shamba, ile ambayo wazee wetu walitibia uvimbe na vidonda sugu, waone kama kweli ndani yake mna kitu cha kuua saratani. Waganga wanawaletea mizizi na magome. Wao wanayakausha kivulini, wanayasaga, wanayaloweka kwenye spiriti, wanachuja, halafu wanakausha yale maji mpaka kinabaki kitu kizito kama dawa ya viatu chini ya chupa. Hicho ndicho wanachokipima. Hawampi mtu. Wana seli za saratani, yaani chembe ndogo ndogo za ugonjwa wenyewe, wanazifuga ndani ya kabati lenye joto kama la mwili, wanazilisha na kuzibadilishia maji kama vile mtu anavyofuga vifaranga.

Alipoanza kazi hiyo usingizi ulinipaa. Mtoto niliyemzaa kwa uchungu anakwenda kulisha saratani! Nikamwambia akirudi avue viatu nje na aende moja kwa moja bafuni.

"Mama, saratani siyo mafua. Haiambukizi."

"Ndivyo wanavyokwambia ili usiache kazi."

"Nani ananiambia? Mimi ndiye niliyesomea."

"Basi kaoge kwa sababu unanuka jasho."

Akaoga. Hapo angalau tukaelewana.

Sasa nimweleze wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye ni fundi cherehani, na mtaa mzima wanamwita Pindo, kwa sababu hawezi kukusalimia bila kuinama ashike pindo la gauni lako aone limeshonwaje. Tangu niolewe tunataniana. Mimi ananiita Mama Wasiwasi. Binti yangu anamwita Profesa tangu yuko chekechea, kwa maswali yake. Madaktari walimkuta na saratani ya titi, wakamfanyia upasuaji, kisha wakampangia dripu za dawa. Akahamia kwetu kwa kuwa ni karibu na hospitali, akaja na cherehani yake, tukaiweka barazani mahali penye mwanga. Siku za dripu anatapika, siku mbili tatu anakuwa kama nguo iliyokamuliwa, halafu anaamka, anakaa kwenye cherehani, anaanza kutusema wote.

Jioni moja tulikuwa barazani, yeye anapinda mapazia ya shule, mimi nachambua mboga. Binti yangu akaingia anakimbia, viatu miguuni, hata salamu hakutoa.

"Manjano!" akasema. "Trei nzima manjano!"

"Shikamoo kwanza," wifi akamwambia. "Hata maprofesa husalimia."

"Shikamoo shangazi. Manjano!"

Akatueleza. Ile dawa nzito wanaiweka kwenye trei ya plastiki yenye vishimo vidogo vidogo, kama trei ya mayai, ila mayai yenyewe yawe ya kunguni. Kila kishimo kina seli za saratani. Wanaziacha na dawa siku kadhaa, kisha wanatia maji ya rangi ya manjano. Seli zilizo hai huyageuza yale maji yakawa zambarau. Zilizokufa haziwezi kitu, maji yanabaki manjano vilevile. Sasa kuna mzizi mmoja walioupima, na kila kishimo kilichopata dawa yake kilibaki manjano.

"Kwa hiyo umeua saratani," wifi akasema polepole.

"Zimekufa zote, shangazi! Hata kwa dawa kidogo sana."

Nikapiga vigelegele. Ungekuwa wewe usingepiga? Mume wangu akatoka ndani na taulo begani kuuliza nani anaolewa. Tukacheka, tukala, na binti yangu alikula kwa furaha mpaka akasahau kunawa, nikamkumbusha.

Wifi akamuuliza, "Mti gani huo?"

"Siruhusiwi kusema, shangazi. Kazi bado. Hapa ndipo tunaanza tu."

"Haya, Profesa. Siri yako."

Hakuuliza tena. Mimi nikadhani yameishia hapo. Lakini msisahau kwamba huyu ni fundi wa nguo, na ujanani alikuwa akitia nyuzi rangi kwa mizizi. Binti yangu alikuwa amesaga mizizi ile, na kwenye kucha zake kulibaki rangi ya chungwa ambayo sabuni haiitoi. Wifi aliziangalia zile kucha mara moja tu wakati binti anamega chakula. Mzizi unaoacha rangi ile ni mmoja, na unauzwa sokoni kwa mafungu.

Siku zilizofuata nilimwona mchangamfu. Alikuwa na chupa ya chai ya peke yake, anakunywa kidogo kidogo huku anashona. Nikamuuliza mbona hatukaribishi, akasema ni majani ya kutuliza tumbo. Nikashukuru kwamba tumbo limetulia.

Jumapili mchana nilikuwa nampigia pasi gauni la kwenda hospitali, maana Jumatatu ilikuwa siku ya dripu. Akaniambia, "Usijisumbue, wifi. Siendi."

"Huendi wapi?"

"Hospitali. Nimemaliza na hao watu."

"Umemaliza vipi na dripu bado zipo?"

Akafungua kifuniko cha ile chupa ya chai akanionyesha. Maji yalikuwa ya chungwa iliyokolea, kama ya kuosha brashi ya rangi. "Mwanao ameigundua dawa, mimi nimeinunua. Mnataka nini tena?"

Pasi niliisahau juu ya gauni mpaka likanuka. Nikamwambia, "Pindo, wewe umerukwa na akili."

"Na wewe umeunguza gauni. Tumetoka sare."

"Usinitanie! Daktari kakwambia nini? Si alisema usikatishe?"

Akachukua sindano na uzi kutoka kwenye mkebe wake, akajaribu kutunga. Uzi ulipita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni. Akainua sindano akaikamata kwa nguvu, akaiangusha, wala hakujua kwamba imeanguka mpaka aliposikia mlio sakafuni.

"Unaona?" akasema. "Ile dripu inakula vidole vyangu. Ncha zote zimekufa ganzi. Mapazia yale nashona kwa macho tu, sisikii kitambaa. Titi wamechukua, sawa, lilikwisha kazi. Nywele zitaota. Vidole je? Mimi siyo mwalimu, siyo karani. Vikienda vidole, huyo wanayempa dripu ni nani?"

Miaka yote namjua kwa vidole vile. Nguo ya harusi yangu vilishona hivyo.

"Daktari umemwambia?"

"Nimwambie ili aniongezee vidonge?"

Binti yangu alikuwa ametoka, akarudi mchana huo huo. Nilimvuta jikoni nikamweleza kwa kunong'ona. Nilitazamia atanituliza, kama anavyofanya siku zote. Badala yake akanishika mkono kwa nguvu.

"Ameshaanza kunywa? Tangu lini?"

"Tangu siku ya manjano yako."

"Mama! Manjano ile ilikuwa ya seli za saratani peke yake. Majibu ya seli nzima bado hayajatoka!"

"Seli nzima ndiyo nini?"

Akakaa kwenye kiti akanieleza. Kumbe dawa yoyote wanaipima kwenye trei mbili. Trei ya kwanza ina seli za saratani. Trei ya pili ina seli za mtu mwenye afya, ambazo hazina ugonjwa wowote. Dawa nzuri ni ile inayoacha trei ya kwanza manjano na ya pili zambarau, yaani imeua mgonjwa ikamwacha mzima. Trei ya kwanza ikitoka wanafurahi, ila hawasemi ni dawa mpaka waione ya pili.

"Hata mafuta ya taa yanaua seli za saratani, mama. Hata maji ya moto. Kuua siyo kazi. Kazi ni kuchagua."

"Sasa mbona ulikuja unapiga kelele?"

Akainamisha kichwa. "Nilifurahi. Nilidhani niko nyumbani."

Nikamwambia alikuwa nyumbani kweli, na atafurahi tena nyumbani, ila siku nyingine aje na trei zote mbili.

Akamfuata wifi barazani, akamweleza naye habari ya trei mbili. Mimi nikasimama mlangoni.

"Shangazi, ile unayokunywa siyo hata tuliyoipima. Sisi tunaloweka kwenye spiriti, wewe umechemsha kwa maji. Vinavyotoka kwenye maji ni vingine kabisa. Huenda hakuna dawa humo, au kuna sumu ya ini."

"Waliotangulia walikunywa nini? Spiriti?"

"Waliotangulia nao walikufa, shangazi."

"Kila mtu anakufa. Hata maprofesa."

"Basi acha kwanza mpaka trei ya pili itoke. Inatoka kesho."

"Kesho?" Wifi akaweka mkasi chini. "Basi nitakuja kuiangalia mwenyewe. Ikitoka zambarau, sitaki kusikia habari ya dripu tena ndani ya nyumba hii. Ikitoka manjano..." Akatafuta neno. "Ikitoka manjano mtanipeleka mnakotaka."

Ndivyo ilivyokuwa. Maisha ya mtu yakawekwa kwenye plastiki yenye vishimo. Mkuu wa maabara ni mama mmoja mtaratibu, anavaa miwani kwa kamba shingoni. Binti yangu alimpigia simu akamweleza yote bila kuficha. Nilimsikia yule mama kwenye simu akisema, "Mlete. Na hiyo chupa aje nayo." Halafu wifi alimpigia nesi wa hospitali kwamba atachelewa, atakuja baada ya chakula cha mchana. Hilo nililipenda. Mtu anayesema atachelewa hajakata kamba.

Maabara yenyewe nilidhani itakuwa ya kutisha. Ni chumba cheupe chenye meza ndefu, kinanuka spiriti na kidogo kama mkate uliochacha. Ukutani kuna karatasi imeandikwa USILE HUMU, na chini yake mtu kaongeza kwa kalamu HATA PIPI. Tulivishwa makoti meupe. La wifi lilikuwa refu, akaanza kulikunja mikono na kutafuta pindo. "Nani aliwashonea haya?" akauliza. "Huyu anastahili kifungo."

Mkuu wa maabara akacheka. Akamwonyesha kabati la joto kupitia kioo, akamketisha kwenye hadubini, ile darubini ya kuonea vitu vidogo. Wifi akaangalia muda mrefu.

"Hizi ndizo saratani?"

"Hizo ndizo. Za titi."

"Zimejazana kama watu kwenye foleni ya maji. Hazina adabu." Akainua kichwa. "Nilidhani zitakuwa na sura mbaya."

Trei ya pili binti yangu alikuwa ameitia maji ya manjano asubuhi na mapema. Mstari wa pembeni ulikuwa wa seli nzima ambazo hazikupewa dawa yoyote, ili kujua maji ya rangi yanafanya kazi. Iliyobaki yote ilikuwa imepata dawa ya mzizi. Ilibidi tungoje. Tukakaa nje kwenye benchi, mimi nikisali kimoyomoyo na sijui nisali nini. Nikiomba zambarau, wifi anaacha hospitali. Nikiomba manjano, kazi ya mwanangu inaharibika. Mwishowe nikamwachia Mungu achague rangi mwenyewe.

Wifi alikuwa anajisugua ncha za vidole kwenye magoti, anajaribu kusikia kitambaa. "Mama Wasiwasi," akasema, "ukiendelea kutikisa mguu hivyo benchi litavunjika, tutalazwa wote."

Tulipoitwa, binti yangu alikuwa ameshatia maji mengine ya kuyeyusha rangi, na trei iko mezani, imefunikwa kifuniko cha plastiki. Akaisogeza tu mbele ya shangazi yake.

Mstari wa pembeni ulikuwa zambarau, zambarau nzuri kama ya biringanya. Iliyobaki yote ilikuwa manjano.

Wifi akaweka kidole juu ya kifuniko, akakipitisha kutoka mstari wa zambarau mpaka manjano, tena na tena, kama anavyopima mshono.

"Hawa walikuwa wazima?" akauliza.

"Walikuwa wazima, shangazi."

"Hawakuwa na kosa lolote?"

"Hawakuwa na kosa."

"Na mzizi wangu umewamaliza."

"Wetu wa spiriti ndio umewamaliza. Wako wa maji hatuujui, na hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Nilidhani atalia. Akavua lile koti, akalikunja vizuri, akalitia kwapani. Mkuu wa maabara akamwambia koti linabaki. "Najua," wifi akasema. "Nilitaka kuliondolea mateso." Akalirudisha. Halafu akamgeukia binti yangu, na hapo sauti yake ikawa ya shangazi kweli.

"Pole mwanangu. Kazi yako imeharibika."

"Haijaharibika." Binti yangu alikuwa na uso wa uchovu lakini haukuwa wa huzuni. "Ndani ya mzizi mmoja mna vitu vingi, shangazi. Tutavitenganisha kimoja kimoja. Huenda kimoja kinaua saratani na kingine kinaua kila mtu. Tukikipata kile cha kwanza peke yake, tunaanza tena trei mbili."

"Itachukua muda gani?"

"Miaka."

"Miaka mimi sina ya kukusubiri. Nipelekeni hospitali."

Daktari wake ni kijana, anaongea haraka. Wifi alimwekea chupa ya maji ya chungwa mezani kabla ya kukaa. "Nimekuwa nikinywa hii. Usinigombeze, nimeshagombezwa na trei."

Hakumgombeza. Alimtoa damu kupima ini, akasema dripu ya siku hiyo haitawezekana mpaka majibu yatoke. Mzizi na dripu pamoja vingeweza kumlaza kitandani asiinuke. Niliposikia hivyo nikajiuliza, kama angekwenda asubuhi ile akawekewa dripu bila kusema anachokunywa, ingekuwaje?

Kisha nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akanikanyaga na yeye. Nikasema mwenyewe, "Daktari, muulize habari ya vidole."

Daktari akasimamisha kalamu. "Vidole vina nini?"

"Vina ganzi," wifi akasema. "Siwezi kutunga uzi."

"Tangu lini? Kila nikikuuliza unaniambia hujambo."

"Unaniuliza kama mgonjwa, nakujibu kama mgonjwa. Hujawahi kuniuliza kama fundi."

Yule kijana akacheka, lakini akaandika. Akamfumbisha macho, akamgusa ncha za vidole kwa pamba na kwa kitu chenye ncha, akamwuliza anasikia nini. Akatuambia ganzi hiyo wanaijua, inaletwa na dawa, na wangeambiwa mapema wangepunguza kipimo au wangebadilisha dawa. Ikiachwa iendelee inaweza isiondoke. Ikiwahiwa, mara nyingi hupungua. Wifi alinitazama mimi, siyo daktari. Sijamwona tena na macho yale.

Ini lilikuwa limechokozwa kidogo, halikuharibika. Ile chupa aliimwaga mwenyewe kwenye sinki, na sinki lina doa mpaka leo. Wakamngoja mpaka damu ikatulia, wakampa dripu kwa kipimo kipya. Alitapika kama kawaida na kututukana kama kawaida. Sasa amezimaliza zote. Vidole vya mkono wa kulia vimerudi karibu vyote, vya kushoto bado viwili vina usingizi. Kazi za vifungo vidogo hapokei. Mapazia, mashuka, sare za shule, hayo anayapiga kutwa nzima na redio juu.

Kwa hiyo nasema, na nasema kama mama. Ukisikia mti umeua saratani, uliza umeua kwenye nini. Kwenye plastiki? Kwenye panya? Kwenye watu, na hao watu wako wapi? Uliza trei ya pili imesemaje. Na chochote unachokunywa, hata kama ni maji ya majani ya bibi yako mzaa mama, mwambie daktari. Na kinachokuuma mwambie pia, hata kama unadhani hakimhusu. Sisi wanawake tuna tabia ya kusema hatujambo huku sindano zinatudondoka.

Juzi binti yangu aliingia barazani, safari hii kavua viatu bila kuambiwa. Uso unang'aa. Ule mzizi wameshautenganisha mafungu kadhaa, na fungu moja limetoa kitu.

"Shangazi," akasema, "leo trei ya—"

"Ngapi?" wifi akamkata, mguu haujasimama kwenye cherehani. "Ya kwanza au zote mbili?"

"Ya kwanza."

"Basi kamwambie mama yako. Yeye anapenda kupiga vigelegele. Mimi nishtue ikitoka ya pili."

Nikapiga, tena kwa nguvu. Kimoja tu, cha kumpongeza mtoto kwa kazi ya siku. Wifi akatikisa kichwa, akavuta pazia lingine.